Kilo 47

Mshale wa mizani ya muuza vyuma chakavu ulitetemeka kidogo, ukasimama kwenye 47. Boksi langu la spika la gitaa la besi nilikuwa nimelipeleka pale kwa toroli. Kwa miaka kumi na minane nimelibeba bila kujua lina kilo ngapi, na siku hiyo niliona haiwezekani nimweleze mtaalamu wa viungo anayetibu mgongo wangu kwamba "ni zito tu". Nilitaka namba. Kijana wa mizani alichungulia kwenye tundu la upepo, akaiona sumaku ya spika, akainua uso.

"Shikamoo mzee. Unaliuza zima au tutoe chuma tupime peke yake?"

"Marahaba. Siuzi, nataka kujua uzito tu."

Hakucheka. Aliandika 47 kwenye kiganja chake kwa kalamu ya wino, kama anavyowaandikia wateja wengine, akanionyesha. Kisha nikampa na hedi, yaani amplifaya yenyewe bila spika. Kilo 19. Ukijumlisha ni 66, na hapo gitaa la besi, nyaya na stendi havijapanda mizani.

Boksi lile lilitengenezwa Keko na fundi wa makabati, kwa mbao nene za kubandika, ndani mna spika moja ya inchi 15, nje limevikwa zulia jeusi. Lilikuwa linaunguruma vizuri, na sitalisema vibaya. Nimepiga nalo harusi, kipaimara, uzinduzi wa kampeni, misiba mikubwa, na usiku usiohesabika kwenye kumbi za Kinondoni na Temeke. Waswahili wanasema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Kwenye bendi, Mnyamwezi ni mpiga besi. Mpiga solo anakuja na gitaa mgongoni na kimkoba cha nyaya, mwimbaji anakuja na leso. Wewe wa besi unatafuta mtu wa kushika upande wa pili.

Siku mgongo uliponikamata ilikuwa mwaka 2019, saa tisa usiku, baada ya harusi kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili usio na lifti. Tulishusha boksi ngazi zote bila tatizo. Pale chini, kirikuu kilikuwa kimeegeshwa upande na nyuma yake kulikuwa na dimbwi. Mwenzangu alisimama ng'ambo ya dimbwi, mimi nikabaki huku. Ili boksi liingie, ilibidi niinue na kuzunguka kiuno kwa wakati mmoja, huku mikono imenyooka mbele. Nikasikia kitu kama uzi mnene unakatika chini ya mkanda wa suruali. Maumivu hayakuja hapohapo. Yalikuja asubuhi nilipojaribu kuvaa soksi: moto uliotoka kwenye kalio la kushoto ukapita nyuma ya paja hadi kisigino, na vidole viwili vya mguu vikafa ganzi.

Picha zilionyesha diski, ule mto laini ulio kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno, imetokeza nyuma na kubana neva. Sikupasuliwa. Nilipewa dawa, kisha miezi ya mazoezi, na yule dada wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenifundisha mambo ambayo ningependa kila mpiga besi ayajue kabla hajafika mezani kwake.

"Baba, unafanya kazi gani?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Napiga besi."

Hakuelewa. Nikamwonyesha kwa vidole. Akasema, "Sawa, kupiga hakujakuumiza. Unabeba nini?"

Alitoa mfuko wa sukari wa kilo tano, akaniambia niukumbatie kifuani. Hakuna shida. Kisha akaniambia ninyooshe mikono nao mbele, na kabla sijamaliza kuhesabu hadi kumi nilihisi misuli ya kiuno inakaza kama kamba. Mfuko ni uleule. Alieleza hivi: misuli inayokushikilia wima iko kama sentimita tano tu nyuma ya kitovu cha uti wa mgongo. Mzigo ukiwa sentimita arobaini mbele, misuli hiyo inavuta kwa nguvu karibu mara nane ya uzito wa mzigo ili usianguke kifudifudi, na nguvu yote hiyo inaishia kukandamiza diski. Ongeza kujizungusha, na unazikamua diski zilezile kama mtu anavyokamua nguo.

Akanitajia pia kilo 23. Ndicho kiwango cha juu ambacho NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, inatumia kama kianzio cha hesabu zake za kunyanyua mizigo, tena kwa mazingira mazuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, una vishikio, hauzunguki, hunyanyui mara nyingi. Kila sharti likikosekana, kiwango kinashuka. Nilirudi nyumbani nikafanya hesabu ya darasa la pili. Kilo 47 kwa watu wawili ni kilo 23 na nusu kila mtu. Hata tulipokuwa tunabeba wawili, kwa adabu zote, kwenye sakafu kavu, tulikuwa tumeshavuka. Na kazi yetu haina sakafu kavu. Ina dimbwi, giza, ngazi nyembamba, na mwili uliosimama tangu saa mbili usiku.

Tangu hapo kipimo changu cha kifaa chochote ni kimoja: nitaweza kukinyanyua saa tisa usiku, peke yangu, nikiwa nimechoka, hadi kwenye bajaji? Uzito wa dukani, ambako umetoka kunywa chai na muuzaji anakusaidia, haukwambii chochote.

Inafaa kujua kwa nini besi imekuwa mzigo kiasi hiki, maana ukijua utajua pia wapi pa kupunguza. Uzi mzito wa besi ya nyuzi nne, ule wa mi, unatikisika kama mara 41 kwa sekunde. Sauti ya chini namna hiyo inataka hewa nyingi isukumwe, na sikio la binadamu ni zito kuisikia, kwa hiyo inahitaji nguvu nyingi kuliko gitaa la solo ili zisikike sawa. Mmarekani Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa, alipotoa besi yake ya umeme mwaka 1951, mwaka uliofuata ilibidi atoe na amplifaya yake maalumu. Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ikatoa amplifaya ya SVT, wati 300 za valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti), ambayo bendi ya Rolling Stones ilizunguka nayo Marekani mwaka huohuo. Hedi ya ukoo huo inakaribia kilo 40, na boksi lake la spika nane za inchi kumi linapita kilo 60. Ni sauti ambayo vijana wengi bado wanaiota. Wale jamaa walikuwa na wabebaji.

Hata sisi zamani tulikuwa nao. Bendi nyingi za dansi zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na mwanamuziki alikuja na vidole vyake. Leo wengi wetu tunanunua vyombo wenyewe, tunakodi usafiri wenyewe, na tunabeba wenyewe. Mgongo umeingia kwenye hesabu ya bendi na hakuna anayeulipia.

Uzito wa amplifaya ya zamani umekaa kwenye transfoma. Umeme wetu wa ukutani unageuka mara 50 kwa sekunde, na kwa mwendo huo wa polepole transfoma lazima iwe na bonge la chuma na shaba ili ihimili wati mia kadhaa. Amplifaya za sasa kwanza zinaukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kwa mwendo huo transfoma ya ukubwa wa pakiti ya sigara inatosha. Halafu sehemu ya kukuza sauti, wanayoiita klasi D, inafanya kazi kwa tranzista zinazowaka na kuzima kabisa badala ya kukaa katikati zikichemka. Umeme mwingi unaoingia unatoka kama sauti, mchache unapotea kama joto, kwa hiyo yale mabati mazito ya kupoza nayo hayahitajiki. Ndiyo maana unaweza kukuta hedi ya Gallien-Krueger MB200 ya wati 200 ina kilo moja tu, na Trace Elliot ELF, nayo ya wati 200, haifiki hata kilo.

Kwenye spika uzito umekaa kwenye sumaku. Sumaku za neodimi zilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1980, Japani na Marekani karibu wakati mmoja, na zina nguvu kubwa kwa uzito mdogo kuliko yale mapande meusi ya feraiti tuliyoyazoea. Spika ya inchi 12 yenye neodimi unaishika kwa mkono mmoja. Kilichobaki ni mbao, na hapo mafundi wanatumia plaiwudi nyepesi na kuweka mihimili ndani ili boksi lisitetemeke.

Ila kuna sheria moja ambayo sumaku haiivunji. Mmarekani mmoja wa spika, Hofmann, aliiweka wazi zamani: boksi dogo, sauti ya chini sana, na sauti kubwa kwa wati chache, utapata viwili tu kati ya hivyo. Ukitaka boksi dogo linalokwenda chini, litakunywa wati. Ukitaka dogo linalolia kwa nguvu, halitashuka chini sana. Mimi nilichagua hilo la pili, na sijutii hata kidogo. Kwenye dansi kuna magitaa matatu, tarumbeta, saksofoni, tumba na drams. Besi inayosikika pale haitoki kwenye zile hezi 41, yaani mitikisiko 41 kwa sekunde. Inatoka kati ya 80 na 250. Uzi wa mi ukipigwa unatoa pia 82 na 123, na sikio likizipata hizo linajijazia lenyewe ile ya chini. Nilikuwa nalibeba boksi la kilo 47 kwa ajili ya muungurumo ambao ukumbini ulikuwa unafunika noti zangu mwenyewe.

Madukani Kariakoo utaulizwa unataka wati ngapi, na utaonyeshwa kibandiko chenye maelfu ya PMPO, wati za kutangazia tu. Namba hizo zipite tu. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli tatu (kipimo cha ukubwa wa sauti), ambazo ukumbi uliojaa watu hautazitambua sana. Ili sikio liseme sauti imekuwa maradufu unahitaji wati kama mara kumi. Swali lenye faida zaidi ni usikivu wa spika: kwa wati moja, umbali wa mita moja, inatoa desibeli ngapi? Boksi la desibeli 97 na amplifaya ya wati 200 litakwenda sawa na boksi la 94 lenye wati 400. Muuzaji asipojua, chomeka gitaa usikilize. Mimi nilikwenda na besi yangu mwenyewe, nikapiga mstari mmoja wa chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, kwa dakika kumi bila kuacha, na kabla sijauliza bei nilikinyanyua kila kitu kutoka sakafuni kwa mkono mmoja, nikatembea nacho hadi mlangoni na kurudi. Yule muuzaji alidhani naondoka nacho.

Dada wa mazoezi alikuwa amenipa mpaka: kipande chochote kisizidi kilo 12, na mizigo igawanywe pande zote mbili. Hapo njia ni mbili. Ya kwanza ni amplifaya na spika katika boksi moja. Fender Rumble 100, yenye spika ya inchi 12, ina kilo 10, na kwa kanisani, mazoezini au hotelini usiku wa Ijumaa inatosha kabisa. Rumble 500 ina spika mbili za inchi kumi na kilo zipatazo 16 na nusu, uzito ambao kwa chombo cha nguvu hiyo baba zetu wasingeuamini, lakini kwangu ulishavuka mpaka.

Nilichukua njia ya pili: hedi ya kilo moja inayokaa kwenye mfuko wa mbele wa begi la gitaa, na maboksi mawili ya spika moja moja ya inchi 12, kila moja kilo 11. Shughuli ndogo nabeba moja. Kubwa nabeba yote mawili, moja kila mkono, kama ndoo za maji, na mgongo unabaki umenyooka katikati. Hili la ndoo limenisaidia kuliko kilo zenyewe. Zingatia omu, kipimo cha ukinzani wa umeme: kila boksi langu ni omu 8, mawili yakiunganishwa yanakuwa omu 4, na hapo ndipo hedi hutoa wati zake zote. Ukiwa na boksi moja la omu 8 wati zinapungua. Na ukinunua mawili ya omu 4 ukayachomeka pamoja, unapata omu 2, na hedi nyingi ndogo hazijatengenezwa kwa hilo.

Usiku wa kwanza nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Kiongozi wetu aliiangalia ile hedi juu ya boksi, akaniuliza, "Mjomba, hii kweli itatufikisha asubuhi?" Nikamwambia tuone. Nilienda jikoni nikaomba kreti mbili tupu za soda, nikazipanga, nikapandisha boksi juu yake. Boksi likiwa sakafuni linaimbia mashavu ya miguu yako, nawe unaongeza sauti usijue kwamba walio mbele wanapigwa. Likipanda hadi kiunoni na kuinamishwa kidogo, unajisikia kila noti. Vilevile halipati ule msaada wa sakafu unaojaza matope kwenye sauti. Tulipoingia chemko la wimbo wa pili, mpiga drams aligeuka akanitazama. Baadaye aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza alikuwa anasikia mwanzo wa noti zangu, siyo mwisho wake tu.

Kwa watu wa nyuma ya ukumbi, kazi si ya boksi langu. Hedi nyingi za sasa zina tundu la DI, la kutolea sauti kwenda kwenye mitambo ya ukumbi: waya unakwenda moja kwa moja kwa fundi mitambo, naye anatumia sabwufa zake. Ukimsalimia mapema na kumpa waya kabla hajakuomba, atakutunza usiku kucha.

Vyombo hivi vina udhaifu wake. Hedi ya kilo moja haina uzito wa kuikalisha, na besi ikitikisika inatembea yenyewe hadi ukingoni. Yangu niliidaka ikiwa hewani, mwezi wa kwanza wa kuitumia. Sasa ninaweka chini yake kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli na haisogei. Feni yake inavuta vumbi, nasi tunapiga hadi kwenye viwanja vya mchanga, kwa hiyo naipuliza kila wiki. Umeme ukikatika nachomoa waya ukutani palepale, nasubiri jenereta itulie, ndipo narudisha. Kubwa kuliko yote ni matengenezo. Hedi yangu ya zamani iliharibika mara tano na mara tano ilipona kwa fundi wa mtaani mwenye pasi ya kulehemu na miwani iliyofungwa uzi. Hizi mpya vipuri vyake ni vidogo kama punje za ufuta, na ikiungua mara nyingi unabadilisha saketi nzima, iliyoagizwa mbali. Kwa hiyo nimeweka akiba: kiboksi cha DI kwenye begi. Hedi ikifa, napigia mitambo ya ukumbi na shughuli inaendelea.

Tena tazama volti kabla hujanunua kitu kilichotumika kutoka Marekani. Baadhi zinakubali 100 hadi 240, baadhi ni 120 tu. Jamaa yangu mmoja alifurahia hedi ya kilo tatu, akaishia kubeba transfoma ya kushushia umeme yenye kilo tisa.

Gitaa lenyewe nalo limo. Besi yangu ilikuwa kilo 4 na nusu, ikining'inia bega moja kwa saa sita. Nimehamia yenye kilo 3 na nusu, na mkanda mpana wa karibu kiganja kizima. Nyimbo za polepole nazipiga nimekaa kwenye stuli ndefu, mguu mmoja chini. Mwanzoni niliona haya. Haya hiyo iliisha usiku wa kwanza nilipofika nyumbani nikavua viatu mwenyewe.

Nilificha maumivu kwa miaka mitatu kabla ya lile dimbwi. Nilikuwa namwambia mke wangu nimelala vibaya, naiambia bendi kiti cha kirikuu ni kibovu. Niliogopa kijana mwenye mgongo mzima atapewa nafasi yangu. Wapo wapiga besi wanaosoma hapa sasa hivi wamekaa upande mmoja wa kalio. Ukihisi ganzi mguuni, au mguu unaburuta, nenda hospitali wiki hii. Ukishindwa kuzuia haja, nenda leo, usisubiri kesho, maana hapo neva zinakufa.

Lile boksi la kilo 47 sikuliuza. Liko kwenye banda letu la mazoezi, na kijana anayejifunza besi kwangu analitumia kila Jumanne na Alhamisi. Tumelifunga magurudumu manne ya kitanda cha hospitali tuliyoyapata kwa yuleyule kijana wa vyuma chakavu, na mlangoni nimebandika karatasi kwa mwandiko wangu: HALITOKI NJE.